Oili chafu si dawa: namna ya kutunza manyoya ya mbwa mdogo, wa kati na mkubwa hapa pwani



Jumamosi iliyopita baada ya alasiri nilikuwa nimeketi kwenye baraza ya muuza kahawa hapa Kona ya Musa. Akaja kijana mmoja wa mtaani kwetu, ambaye ni askari wa lango katika nyumba moja ya upande wa bahari, Diani. Mkononi ana simu, na kwenye simu mna picha za mbwa.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Kazi njema, ila mwenye nyumba amesafiri, ameniachia mbwa watatu. Mmoja mweupe, mdogo kama paka. Wa pili ni huyu wa kienyeji. Wa tatu ni hili dubwana la German Shepherd. Wote wanajikuna usiku kucha. Mtu wa bodaboda kaniambia niwapake oili chafu ya pikipiki. Nipake?"

Nilimwambia asipake, kisha nikamkalisha nikamweleza kwa muda wa saa nzima. Wazee wawili waliokuwa pale walicheka mwanzoni, eti baraza imegeuka kinyozi cha mbwa. Lakini walipoanza na wao kuuliza maswali, mmoja ana mbwa wa kulinda mbuzi na mwengine ana wawili wa kufukuza nyani shambani, nikajua jambo hili lina haja ya kuandikwa.

Stashahada yangu ni ya afya ya mifugo. Nilipohitimu nilidhani maisha yangu yatakwisha kwenye majosho ya ng'ombe kule Kinango. Riziki ikanipeleka kwengine, na kwa miaka mingi sasa wagonjwa wangu wengi ni mbwa wa Ukunda, Diani na Msambweni. Nitakayoyaandika hapa ni ya kila mwenye mbwa mlangoni, awe amenunuliwa kwa maelfu au ameokotwa jalalani.

Kosa langu mwenyewe

Kabla sijamfundisha mtu, niseme langu. Nyumbani tulikuwa na mbwa aliyeitwa Simba, mlinzi wa mbuzi wa marehemu baba. Baba alipofariki Simba akabaki mikononi mwangu. Cheti cha mifugo kilikuwa kinaning'inia ukutani, lakini mbwa wangu nilikuwa nikimtupia chakula kwa mbali. Nilijiambia nachunga udhu wangu. Ukweli ulikuwa ni uvivu, nikauvisha kanzu ya dini.

Simba akaanza kukonda. Akaacha kubweka usiku, akawa analala hata watu wakipita. Siku nilipomkamata nikamgeuza masikio, nilikuta kupe wamejazana ndani kama punje za mbaazi. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Alikufa siku ya tatu. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwepo Ukunda, mwendo mfupi tu kwa matatu. Kilichokosekana ni mkono wa kumpapasa mara moja kwa wiki.

Ndiyo maana nasema: manyoya ya mbwa ni daftari la afya yake, na daftari hilo husomwa kwa mkono. Kuogesha, kuchana na kukata nywele ni njia tu za kuufikisha mkono huo kwenye ngozi.

Manyoya yana kazi gani

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tezi zake za jasho ziko zaidi kwenye nyayo, na joto lake hulitoa kwa kuhema ulimi ukiwa nje. Manyoya humkinga na jua, miiba, baridi ya alfajiri na kuumwa na wadudu. Yakijaa uchafu na mafundo, hewa haipiti, unyevu unabaki kwenye ngozi, na kwa joto letu hili la pwani ngozi inaanza kuoza taratibu chini kwa chini.

Kwa mwenye mbwa, cha kujua kwanza ni aina ya manyoya, kwa sababu ukubwa peke yake hautoshi. Aina ni nne:

1. Mafupi ya tabaka moja, kama ya mbwa wengi wa kienyeji na Dobermann.
2. Ya tabaka mbili: juu manyoya magumu, chini sufi laini. German Shepherd na Japanese Spitz wako hapa, na hata Rottweiler, ingawa yake ni mafupi.
3. Marefu laini kama nywele za mtu, ya Maltese na Yorkshire Terrier.
4. Ya kujisokota, ya Poodle na machotara wake.

Aina mbili za mwisho hazipukutiki sana, bali zinaendelea kurefuka. Hizo zinahitaji mkasi. Aina mbili za kwanza zinapukutika zenyewe, nazo zinahitaji brashi.

Vifaa vya kuwa navyo

Huhitaji duka la fahari. Kwa mbwa wa manyoya mafupi, brashi ya mpira au hata glavu ya mpira yenye vinundu inatosha. Kwa wa tabaka mbili, tafuta brashi ya meno ya waya na chanuo la chuma lenye meno mapana. Kwa wa nywele ndefu, chanuo la meno mapana na jengine la meno ya karibu. Ongeza kikata kucha cha mbwa, kibano cha kung'olea kupe, pamba, taulo kuukuu mbili na glavu za mpira. Shampuu iwe ya mbwa, inapatikana agroveti. Ngozi ya mbwa si kali kama yetu: ya mtu ina asidi zaidi, ya mbwa iko karibu na katikati. Sabuni ya kufulia na shampuu ya watu huondoa mafuta ya asili ya ngozi yake, akaanza mba na kujikuna, nawe ukadhani ni viroboto ukamwosha tena. Ukipatwa na dharura, sabuni laini ya mtoto mchanga ina nafuu, lakini usiifanye mazoea.

Vifaa vya mbwa viwe vya mbwa peke yake. Ndoo yake, taulo lake, chanuo lake. Hilo ni la afya kabla hata hatujafika kwenye la dini.

Namna ya kuogesha

Watu wengi huanza na maji. Anza na chanuo. Manyoya yenye fundo yakilowa, fundo hukaza kama kamba ya dau, na hapo huna dawa ila mkasi.

Ukishachana, mfunge mbwa kivulini, asubuhi jua likiwa limepanda kidogo au alasiri mapema, apate muda wa kukauka kabla ya magharibi. Mloweshe mpaka ngozini. Shampuu ichanganye na maji kwenye kikopo kwanza. Paka ukianzia shingoni kwa kuzunguka kama mkufu, ndipo ushuke mgongoni, tumboni, miguuni na mkiani. Ukianzia mgongoni viroboto hukimbilia kichwani, wakajificha masikioni na usoni mahali ambapo huwezi kuwafuata. Kichwa kiwe cha mwisho, kwa kitambaa kilicholowa, macho na masikio uyalinde. Kipande cha pamba mlangoni mwa sikio kinazuia maji, ila ukumbuke kukitoa.

Kama ni shampuu ya dawa, iache kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa, mara nyingi ni 10. Watu huosha papo hapo, wakalalamika dawa haifai. Kisha suuza mpaka maji yatoke safi, halafu suuza tena. Sabuni iliyobaki kwapani na kwenye mapaja ni chanzo kikubwa cha kuwashwa.

Hapa kwetu kuna jambo la visima. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Unaweza kuogeshea hayo, lakini la mwisho la kusuuzia liwe maji baridi yasiyo chumvi, ya mvua au ya mtungi. Kwa mbwa mkubwa mimi hutenga mitungi miwili ya lita 20, na nusu ya mmoja huuhifadhi kwa hilo suuzo la mwisho.

Mbwa mdogo: chini ya kilo 10

Huyu ndiye mweupe wa yule kijana: Maltese, Yorkshire, Poodle mdogo, Spitz. Watu humwona kama kichezeo, kumbe ndiye mwenye kazi kubwa zaidi. Mwenye nywele ndefu achanwe kila siku, au kwa uchache mara tatu kwa wiki. Mafundo hujificha nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkanda wa shingo na sehemu za nyuma. Fundo usilivute. Lishike kwenye shina karibu na ngozi, ulifungue kwa vidole kidogo kidogo, na tone la mafuta ya nazi linasaidia. Likishindikana, likate, lakini kwanza pitisha chanuo kati ya mkasi na ngozi. Nimeshona mbwa wawili waliokatwa ngozi na watu waliodhani wanakata fundo tu.

Muogeshe kila wiki mbili mpaka nne. Nywele zipunguzwe kila wiki sita au nane, hasa machoni, baina ya vidole na sehemu ya haja. Mbwa mdogo hupoteza joto haraka. Siku za kusi zenye upepo na mvua mkaushe kabisa kwa taulo na umweke ndani. Na kwa sababu yuko chini karibu na ardhi, tumbo lake huzoa mchanga na uchafu kuliko mwengine. Lifute kila jioni.

Spitz ni mdogo wa umbo, lakini manyoya yake ni ya tabaka mbili. Usimnyoe. Sababu nitaieleza mbele kidogo.

Mbwa wa kati: kilo 10 mpaka 25

Mbwa wetu wa kienyeji wengi wako hapa. Manyoya yao mafupi yamezoea hali ya hewa yetu, na ndiyo sababu tunawasahau. Brashi ya mpira mara moja kwa wiki na kuoga mara moja kwa mwezi au hata kwa miezi miwili vinamtosha. Lakini ukaguzi wake hausamehewi, kwa kuwa ndiye anayelala mchangani, anayepita vichakani, na anayepigana na wa jirani.

Tazama ncha za masikio. Kuna nzi wanaouma, wanaofanana na nzi wa kawaida wa nyumbani, ambao hula ncha hizo mpaka zikawa vidonda vyeusi. Safisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na umwombe daktari wa mifugo dawa ya kufukuza nzi ya mbwa. Ondoa mavi na mabaki ya chakula karibu na mahali anapolala, nzi watapungua.

Manyoya yakiwa hayana mng'aro na yanasimama ovyo, tazama sahani yake. Mbwa anayekula ugali mtupu hawezi kuwa na manyoya mazuri. Mchanganyie dagaa, yai lililochemshwa au mabaki ya nyama, umpe na dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Ndani ya miezi miwili utamdhani mbwa mwengine.

Mbwa mkubwa: zaidi ya kilo 25

German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na jamaa zao. German Shepherd dume ana kilo 30 mpaka 40, na babu zake ni wa Ujerumani. Sufi yake ya ndani huipukutisha kwa wingi mara mbili kwa mwaka kule kwao kwenye majira ya baridi na joto. Huku kwetu joto ni la mwaka mzima, basi hupukutika karibu kila siku. Mchane mara mbili kwa wiki, na anapopukutika sana kila siku. Chana kwa mafungu: inua manyoya kwa mkono mmoja, chana ya chini kwa mwengine, mpaka uone ngozi. Ukipitisha brashi juu juu, nje atang'ara na ndani atakuwa na godoro la sufi iliyokufa.

Sasa la kunyoa. Kila kaskazi inapoingia, Desemba mpaka Machi, watu huniletea mbwa wa tabaka mbili wakitaka anyolewe apoe. Mimi hukataa. Tabaka la juu ndilo linalozuia jua lisimfike kwenye ngozi. Ukimnyoa, jua linamchoma moja kwa moja, na mara nyengine manyoya hayarudi kama yalivyokuwa, huota mabaka mabaka. Daktari akinyoa sehemu ya kidonda hiyo ni sababu nyengine. Kwa joto, mtoe sufi iliyokufa kwa chanuo, mpe kivuli, maji mengi, na umtembeze alfajiri au baada ya magharibi. Mbwa mwenye joto la kawaida ana nyuzi 38 na kitu mpaka 39. Akihema bila kukoma, akayumba, fizi zikawa nyekundu sana, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mpepee, na umkimbize kwa daktari.

Mbwa mkubwa huogeshwa kila wiki sita au nane. Mzoeshe angali mtoto. Mtoto wa kilo tano anayekataa kushikwa miguu ni mchezo. Wa kilo 40 anayekataa ni hatari. Mshike kila siku kucha, masikio na mdomo kwa dakika moja, umpe kitu kidogo cha kula. Kwenye viwiko hufanya sugu kwa kulala sakafuni. Mtandikie gunia nene au mkeka kuukuu.

Bahari na mchanga

Mbwa wa Diani hupenda bahari, na bahari haiwadhuru. Kinachowadhuru ni chumvi inayokaukia mwilini. Akitoka majini msuuze kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Fungua vidole umwondolee mchanga. Kausha masikio kwa pamba, hasa yale ya kulala, na usiingize kijiti ndani. Mbwa anayetikisa kichwa na sikio linanuka ana ugonjwa, wala hajaingiwa na shetani kama nilivyowahi kuambiwa. Mchana wa saa sita mpaka saa tisa, weka kiganja chako kwenye mchanga au lami kwa muda wa kuhesabu mpaka saba. Ukishindwa wewe, naye nyayo zake zitaungua.

Wadudu wa kwetu

Kupe wa mbwa, yule wa rangi ya kahawia, ana tabia moja inayowashinda wengi. Sehemu kubwa ya maisha yake haishi juu ya mbwa. Hunyonya, hushuka, hupanda kwenye nyufa za ukuta. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe na vibanda vya makuti ni hoteli kwake. Jike mmoja hutaga mayai kwa maelfu. Kwa hiyo ukimtibu mbwa ukaacha kibanda, umefanya nusu ya kazi. Ziba nyufa, fagia, choma takataka za kibanda, na tumia dawa ya kunyunyizia kuta mbwa akiwa mbali.

Kupe huyu huleta magonjwa ya damu. Dalili ni homa, kukataa chakula, kulegea, fizi kupauka, na mara nyengine damu puani. Ugonjwa mmojawapo mkubwa hutibika kwa vidonge vya takriban wiki nne ukiwahiwa. Simba wangu sikumuwahi.

Mahali pa kukagua: ndani ya masikio, chini ya mkanda, kwapani, mapajani, baina ya vidole na chini ya mkia. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha, mtie kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti, usimmwagie mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha.

Viroboto nao mayai na watoto wao wako kwenye mchanga, mikeka na nyufa. Chana mbwa juu ya kitambaa cheupe kilicholowa. Vumbi jeusi linalogeuka wekundu ni mavi ya kiroboto yenye damu. Mbwa akimmeza kiroboto anapata tegu, zile punje kama za mchele zinazoonekana chini ya mkia.

Funza si mdudu wa asili ya Afrika. Aliletwa kutoka Amerika ya Kusini, akatua Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani yetu. Tunawatibu watoto wetu tukasahau kuwa mbwa, paka na mbuzi nao wanao na wanawarudisha uani. Mbwa anayechechemea na kulamba nyayo mpeleke kwa daktari. Usimchokoe kwa sindano, hasa ile ile unayotumia kwa mtoto.

Upele una aina kuu mbili. Mmoja huwasha sana, huanzia ncha za masikio na viwiko, na unaweza kumwambukiza mtu. Mwengine hupukutisha manyoya mabaka mabaka bila kuwasha sana mwanzoni, na haumwambukizi mtu. Kwa macho huwezi kutofautisha. Daktari hukwangua ngozi akatazama kwa hadubini.

Vitu vya kutopaka

Oili chafu ya pikipiki ina masizi na vyuma vilivyosagika. Mbwa huilamba, ikaingia tumboni na kwenye ini, na kwenye ngozi iliyochubuka inaunguza. Upele unaonekana umelala kwa sababu manyoya yamegandana. Dizeli na mafuta ya taa ni vivyo hivyo. Dawa ya josho la ng'ombe usimpimie mbwa kwa kukisia. Sumu ile ile inayomstahimili fahali inaweza kumwangusha mbwa wa kilo nne. Sindano ya ng'ombe ya minyoo na upele inaweza kuua mbwa wa asili ya Collie na baadhi ya wachungaji wengine. Na wenye paka, yaani karibu sisi sote wa pwani, jihadharini: dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrin, ambayo ni sumu kwa paka. Watenge mpaka ikauke.

Mafuta ya nazi kidogo kwenye nyayo zilizopasuka hayana neno. Ya mwarobaini hupunguza wadudu, lakini yachanganywe, yasiwe mazito, na hayachukui nafasi ya dawa ya kupe.

Udhu wako na mbwa wako

Wazee wa baraza waliniuliza hili kwa sauti ya chini. Mimi si mufti, na kila mtu amuulize sheikh wake. Nitasema ninalolifuata. Sisi wa pwani wengi ni Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito: unyevu wake ukikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Ukavu kwa ukavu haunajisi. Malik yeye aliona mbwa aliye hai ni tohara. Na wote wanajua kuwa mbwa wa ulinzi, wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda ameruhusiwa, na kwamba yuko mbwa aliyetajwa pamoja na watu wa pangoni katika Suratul Kahf.

Basi sharia imenipa njia ya kujitohara, haikunipa ruhusa ya kumtesa. Nina glavu ndefu, viatu vya mpira na nguo za kazi hiyo. Ukaguzi naufanya mbwa akiwa mkavu. Nikimwosha, nachagua baada ya swala, kisha najiosha kama nilivyofunzwa, udongo safi ninao kwenye kopo kando ya bomba. Inanichukua dakika tano. Sote tumesikia darasani habari ya yule aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Mbwa wa lango lako hana wa kumwambia kuwa kupe wamemjaa sikioni.

Chanjo kwanza

Usimshike mbwa usiyejua chanjo yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na karibu wagonjwa wote ulimwenguni hukipata kwa mbwa. Kenya iliweka mpango mwaka 2014 wa kukimaliza ifikapo 2030. Mchanje akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo. Na kumwacha mnyama ateseke ni kosa katika nchi hii chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360.

Ratiba ya kubandika ukutani

Kila siku: maji safi, jicho moja la kumtazama anavyotembea na kula; mwenye nywele ndefu achanwe.
Kila wiki: mkono mwili mzima kwa dakika 10, masikio, nyayo, fizi, brashi, kufagia kibanda.
Kila mwezi: dawa ya kupe kwa kipimo cha uzito wake, kucha, kuoga kwa anayehitaji, kufua matandiko na kuyaanika juani.
Kila miezi mitatu: dawa ya minyoo kama daktari alivyopanga.
Kila mwaka: chanjo.
Baada ya masika na vuli: ukaguzi wa kupe mara mbili kwa wiki, kwa kuwa ndipo wanapozidi.

Yule kijana nilimpa glavu zangu za akiba, nikampeleka kwa daktari wa mifugo. German Shepherd alikuwa na upele, wa kienyeji kupe, na yule mdogo mweupe hakuwa na ugonjwa wowote: alikuwa na fundo kubwa kwapani lililokuwa likimvuta ngozi kila anapopiga hatua. Watatu, sababu tatu tofauti, na oili chafu isingetibu hata moja. Leo asubuhi amenipigia simu kuwa usiku wamelala, na yeye pia amelala.

Jioni ya leo, ukimaliza kusoma, nenda langoni kwako ukamgeuze mbwa wako masikio. Wassalaam.